Kata Nyama, Kata Rufaa

Neno "kata" halihitaji shule. Buchani tunakata nyama, stendi tunakata tiketi, na maisha yakitubana tunakata tamaa. Sasa ingia mahakamani: kule watu wanakata rufaa. Kitenzi ni kilekile, ila kimepata mwenzi mwingine.

Hizi ndoa za maneno zina historia. Rufaa, hukumu, shahidi, wakili na dhamana ni maneno yenye asili ya Kiarabu, yaliyotujia kupitia pwani. Vitenzi vinavyoyabeba ni vya Kibantu: kata rufaa, toa hukumu, weka dhamana. Mtaani jamaa akisema "ameomba rufaa" tunamwelewa, maisha yanaendelea. Mahakamani kila neno lina mwenzi wake, na halibadilishwi ovyo, kwa sababu haki ya mtu imo ndani yake.

Hebu sikiliza hii: hakimu anasema mshtakiwa "ana kesi ya kujibu". Mama yake, aliyekaa benchi la nyuma, anaanza kulia. Kwake mtoto keshafungwa. Kumbe maana yake ni kwamba ushahidi wa upande wa mashtaka unatosha kumtaka mshtakiwa ajitetee, hatia bado. Kesi, kujibu: yote anayajua yule mama. Ugumu umo kwenye kuunganishwa kwake.

Kwa Tanzania jambo hili si dogo. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1984 iliweka Kiswahili kuwa lugha ya mahakama za mwanzo, lakini huko juu, Mahakama Kuu, hukumu ziliendelea kuandikwa kwa Kiingereza. Mwaka 2021 Bunge likabadili sheria, Kiswahili kikafanywa lugha ya sheria na ya mahakama, ingawa Kiingereza kimeachiwa nafasi pale haki inapokihitaji. Hapo ndipo kazi ilipo. Orodha ya istilahi peke yake haitoshi. Mtafsiri lazima ajue kila istilahi inatembea na kitenzi gani, na mwananchi aelezwe kinachomaanishwa.

Na sisi tunaochipukia katika uandishi tusijidanganye. Ukitaka hakimu kwenye riwaya yako, usimpe joho tu. Nenda ukakae mahakama ya mwanzo asubuhi moja, usikie yanavyosemwa. Halafu mwandike na yule mama wa benchi la nyuma.