Mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja: historia ya chombo kidogo kilichovuka bahari

1. Swali la mwana wa mvuvi

Mtu akisimama kando ya ziwa Kivu wakati jua linashuka, upande wa Bukavu ao upande wa Goma, ataona wavuvi wa sambaza wanaingia kazini. Hawaendi na mtumbwi mmoja. Wanafunga mitumbwi mitatu kwa miti mirefu ya mikalitusi, mmoja katikati na miwili ubavuni. Wavu unashikwa na miti ile ile, na taa zinawashwa juu ya maji ili samaki wavutwe na mwangaza. Wanapiga makasia kwa kuimba, na wimbo wao unapanda mpaka kwenye nyumba zetu za mlimani.

Sasa ni zaidi ya miaka kumi, siku moja tulikuwa tunafundisha safari ya Vasco da Gama, ile ya mwaka wa 1498. Mwana mmoja wa mvuvi akanyanyua mkono: « Mwalimu, ile mitumbwi yetu tatu ya kufunga, nayo inaweza kuvuka bahari? » Kalasi zima likacheka. Tunaandika bila kujificha: hata sisi tulicheka. Tukamwambia kwamba bahari si ziwa, tukaendelea na somo. Hakuuliza tena swali hata moja mpaka mwisho wa mwaka.

Insha hii ndiyo jibu tulilopaswa kumpa. Jibu ni ndiyo, chombo cha namna ile kinavuka bahari, na kilivuka zamani sana mbele ya Vasco da Gama kuzaliwa.

2. Juu ya nini vitatu?

Kila mtu aliyekaa ndani ya mtumbwi anajua shida yake. Ukiwa mwembamba, unakwenda mbio lakini unapinduka kwa urahisi. Ukiwa mpana, hautikisiki sana lakini unakuwa mzito kama gogo. Watu wa dunia walitafuta dawa ya shida hiyo kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni uzito. Mafundi wa Ulaya waliweka mawe chini ya chombo, baadaye chuma na madini ya risasi. Upepo ukikilaza chombo, uzito ule unakirudisha wima. Lakini siku maji yakiingia kwa wingi, uzito ule ule ndio unaokivuta mpaka chini kabisa.

Njia ya pili ni kufunga. Unaacha mtumbwi wako ubaki mwembamba na mwepesi, halafu unafunga kila ubavu kitu kinachoelea, ukikiweka mbali kidogo kwa miti. Chombo kikiegemea kulia, maji ya kulia yanakisukuma kurudi juu. Kikiegemea kushoto, ni vile vile. Hakuna jiwe wala risasi.

Chombo cha namna hiyo chenye matanga, siku hizi kinaitwa trimarani. Jina hilo lilitungwa katika miaka ya 1940 na Victor Tchetchet, mzaliwa wa Ukraine aliyehamia Marekani. Alichukua « tri », maana yake tatu, akaiunganisha na mwisho wa neno katamarani. Na katamarani ni neno la Kitamil, lugha ya kusini mwa India: kattumaram, yaani miti iliyofungwa. Kumbe hata katika jina la kisasa, wavuvi wa India wamekaa ndani.

3. Waliovuka kwanza

Watu wa visiwa vya Indonesia na Filipino ndio waliokuza ufundi huu zaidi, mtumbwi mmoja wenye mabawa mawili. Kwenye hekalu la Borobudur, kisiwani Java, lililojengwa kati ya karne ya 8 na ya 9, mafundi walichonga merikebu za matanga katika mawe, na mabawa yake yanaonekana wazi mpaka leo.

Watu wa visiwa vile walifika Madagascar. Ushahidi wa kwanza ni lugha. Mmalesia anaita jiwe batu, Mmalagasi anasema vato. Mbingu kule ni langit, huku ni lanitra. Lugha iliyo karibu zaidi na Kimalagasi inasemwa katika kisiwa cha Borneo, ngambo ya bahari, zaidi ya kilometa 5,000. Ushahidi wa pili ni damu. Mwaka wa 2012 wataalamu walionyesha kwamba wanawake karibu 30 tu wenye asili ya Indonesia, walioishi miaka kama 1,200 iliyopita, ni kati ya bibi wa kwanza wa taifa la Wamalagasi. Tufikiri kidogo: wanawake 30! Hiyo si jeshi la mfalme. Ni watu wa vyombo vichache tu.

Bahari yenyewe inaonyesha njia. Sisi tunaoishi chini ya Nyiragongo tunajua mawe mepesi ya volkeno. Mlima Krakatau, kati ya Java na Sumatra, ulilipuka Agosti 1883. Mwaka uliofuata mawe yake, mepesi ya kuelea, yaliokotwa pwani ya Zanzibar. Hakuna mtu aliyeyapiga kasia; mkondo na upepo wa kusini-mashariki ndio vilivyoyaleta.

Na vyombo vya mabawa viko pwani yetu ya mashariki hata leo. Ngalawa ya wavuvi wa Zanzibar na Komoro ni mtumbwi wa mti mmoja wenye mabawa mawili, ambayo Waswahili wanaita matengo. Mgomba nao asili yake ni Asia ya kusini-mashariki na Nyugini. Ulikuja Afrika kwa bahari ile ile. Kwa hiyo mzee wa kwetu anapokunywa kasiksi chini ya migomba yake, anakunywa matunda ya safari hizo bila kujua.

Atakayesema kwamba haya ni maneno tu, aangalie merikebu Samudra Raksa. Iliundwa kwa kufuata picha za Borobudur, urefu wake mita 18 hivi, na mabawa yake mawili. Ilitoka Jakarta Agosti 2003, ikapita Ushelisheli, Madagascar na Cape Town, ikafika Accra, nchini Ghana, Februari 2004.

4. Wazungu wanagundua kilichojulikana

Kwa muda mrefu mabaharia wengi wa Ulaya na Marekani walidharau vyombo hivi. Walisema ni vya wavuvi, havina uzito, bahari kubwa itavivunja. Mwaka wa 1960, Mmarekani Arthur Piver alivuka Atlantiki katika trimarani ya mita 9 tu, aliyoiunda kwa mbao za tripleksi. Watu wakaanza kunyamaza.

Jibu kubwa lilikuja mwaka wa 1978, katika mashindano ya matanga kutoka Saint-Malo, Ufaransa, mpaka kisiwa cha Guadeloupe, kila baharia peke yake. Mkanada Mike Birch alikuwa na trimarani ndogo ya njano, chini ya mita 12. Mbele yake kulikuwa Mfaransa Michel Malinovsky, katika chombo kizito cha tumbo moja, zaidi ya mita 20. Baada ya siku 23 baharini, yule mdogo alimpita mkubwa karibu na mwisho, akashinda kwa sekunde 98.

Lakini tusidanganye vijana wetu: bahari ilidai bei. Katika mashindano yale yale Alain Colas alipotea pamoja na trimarani yake Manureva, hawakuonekana tena. Piver mwenyewe alipotea baharini mwaka wa 1968. Trimarani ina udhaifu wake: ikipinduka kabisa, hairudi yenyewe. Ila kwa kuwa haina uzito wa risasi, haizami upesi. Juni 1989, wimbi moja lilipindua Rose-Noëlle, trimarani iliyokuwa inatoka Nyuzilandi kwenda Tonga na wanaume 4 ndani. Walikaa juu ya chombo kilichopinduka siku 119. Walikinga maji ya mvua, walivua samaki, mpaka mawimbi yakawatupa kwenye kisiwa cha Nyuzilandi yenyewe. Walipofika walikuwa na nguvu hata watu wakakataa kuwaamini kwanza.

5. Sisi na ziwa letu

Turudi Kivu. Mtu anaweza kutuambia: « Mitumbwi ile mitatu si mila yenu. » Ni kweli, mababu hawakuijua. Sambaza mwenyewe alitolewa ziwa Tanganyika na kutiwa Kivu kati ya 1958 na 1960, na uvuvi wa mitumbwi mitatu ulikuja nyuma yake. Lakini wavuvi wetu waliupokea, wakachagua miti yao, wakatafuta mafundo yao, wakautungia nyimbo. Mila haianzi namna ingine. Hata ngalawa, siku moja, ilikuwa ngeni pwani.

Kuna fundisho moja zaidi, nalo linauma. Trimarani inaishi kwa wepesi wake. Ukiijaza mzigo kupita kiasi, matumbo ya ubavuni yanazama majini na nguvu yote inakwisha. Tarehe 3 Oktoba 2024, chombo kilichotoka Minova kilizama mbele ya bandari ya Kituku, Goma, watu wakiwa wanatazama kutoka nchi kavu. Hakikuwa trimarani, lakini kilikuwa kimejaa kuliko nguvu zake, na ndugu wengi walikufa. Ziwa halisomi madiploma. Linapima uzito tu.

Wazee wavuvi wanajua kipimo hicho kwa macho. Wanajua mti gani unapindika bila kuvunjika, fundo gani linakaza likilowa, upepo gani wa kurudisha watu nyumbani. Hakuna kitabu cha shule kinachoyaandika. Tunaomba walimu wenzetu wa historia na wa fizikia wapeleke wanafunzi ziwani hata jioni moja, na daftari, wamuulize mzee na waandike majibu yake pamoja na jina lake. Kidole kimoja hakivunji chawa, na mwalimu peke yake hatamaliza kazi hiyo.

Na yule kijana, leo naye ni baba wa watoto, kama atasoma kijitabu hiki: ndugu yetu, swali lako lilikuwa zuri kuliko somo letu. Tusamehe kicheko kile.