Amande na mguu wa dereva: barabara ya Gitega hadi Muyinga

Adhabu kali ya kwanza iliyoletwa na barabara Burundi haikumpata aliyekimbiza gari. Ilimpata aliyeichimba. Wabelgiji walipowatoa Wajerumani Gitega mwaka 1916, walitaka njia za kupitisha maafisa wao na, baadaye, kahawa. Watu waliitwa kutoka milimani na majembe yao, bila ujira, na aliyekosa alionja kiboko. Wazee wetu wa Karuzi walisimulia hayo kwa uchungu. Magari yalikuwa machache mno, wala hakuna aliyefikiria mwendo.

Mimi ni shoferi. Nimebeba abiria kati ya Gitega na Muyinga, kupitia Karuzi, kwa sehemu kubwa ya umri wangu. Nilianza kama konvwayeri wa baba mdogo, nikipokea nauli na kupanga mizigo juu ya gari. Swali la kama amande kali, yaani faini, inamzuia dereva mkimbizaji nimelisikia stendi, msikitini na hata matangani, na jibu langu limetokana na historia ya barabara hii.

Tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa, na vita vikaingia. Magari yalianza kwenda kwa misafara yenye askari, na asiye na msafara alikanyaga mafuta mpaka mwisho. Baba mdogo alikuwa akiniambia, "Mwanangu, hapa ukipunguza mwendo unakufa." Hakuwa akitia chumvi. Tarehe 28 Desemba 2000 basi la Titanic Express, lililotoka Kigali, lilivamiwa karibu na Bujumbura na watu zaidi ya 20 wakauawa. Dereva anayeogopa risasi utamtisha kwa faranga ngapi?

Vita viliisha, lakini mguu ulibaki kwenye mafuta. Vijana wengi wa leo wamefundishwa kazi na watu waliojifunza kuendesha katika hofu ile. Kisha mwaka 2007 Burundi ikaingia Jumuiya ya Afrika Mashariki. Malori ya Dar es Salaam yanavuka mpaka wa Tanzania hapo Kabanga, yanaingia Kobero na kushuka Muyinga. Huko yanakotoka huendeshwa kushoto, huku ni kulia. Magari yetu mengi madogo nayo yana usukani upande wa kulia, hivyo dereva anayetaka kupita lori haoni mbele mpaka awe ametoka nje kabisa. Hapo mwendo hausamehe: ukiuongeza mara mbili, nguvu ya kugongana huongezeka mara nne.

Mwaka 2012 nchi ilipata sheria mpya ya barabarani, na watu walitumaini amande ingetutuliza. Niliyoyaona ni haya. Tajiri wa gari anataka hesabu yake, yaani fedha za siku, jioni, kwa hiyo dereva huihesabu amande pamoja na mafuta na tairi, kisha hukimbia zaidi ili airudishe. Na anayekuja mbele akikuwashia taa mara mbili, unajua polisi wamesimama wapi. Wote tunapunguza. Tukishapita kona, wengi hukanyaga tena. Amande ni ileile kabla ya kona na baada yake. Kilichobadilika ni uhakika wa kukamatwa.

Mwitalia Cesare Beccaria aliliandika hilo mwaka 1764: uhakika wa adhabu huzuia kosa zaidi kuliko ukali wake. Majirani zetu Wakenya wamelipitia. Februari 2004 waziri John Michuki alilazimisha matatu, magari yao ya abiria, kufunga mikanda na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa. Ajali zilipungua kwa sababu ukaguzi ulikuwa wa kweli. Ulipolegea, mwendo ulirudi, ingawa kanuni hazikufutwa. Mwaka 2012 Bunge lao lilipandisha faini sana, lakini mwaka 2023 bado watu zaidi ya 4,000 walikufa barabarani. Kilichosaidia kwa gharama ndogo ni karatasi. Mwaka 2008 watafiti James Habyarimana na William Jack walibandika ndani ya matatu maandishi ya kuwahimiza abiria wamkemee dereva, na madai ya bima yakashuka kwa nusu au zaidi. Dereva alikuwa na mkaguzi nyuma ya kisogo chake safari nzima.

Sisemi amande ifutwe. Mwenye gari kubwa anayepita Karuzi kwa kilomita 140 kwa saa hana tajiri wa kumdai hesabu, na faranga za amande hazimuumi. Huyo apimiwe kwa kipato chake, kama Finland inavyofanya tangu mwaka 1921, na permi yake, yaani leseni ya udereva, ichukuliwe. Lakini kwetu sisi wa abiria na mizigo, kazi ianzie Kobero, ambako kila lori husimama kwa karatasi za forodha: kidhibiti mwendo kikaguliwe hapohapo. Amande ilipwe benki kwa risiti. Polisi wabadilishe kona kila siku. Tajiri aliyepanga hesabu isiyofikika bila kukimbia alipe pamoja na dereva wake. Na abiria aambiwe, kwa maandishi mbele ya macho yake, kwamba ana haki ya kusema, "Shoferi, punguza."