Ngomeni: Walikorushia Uhuru

Ukisimama ufukweni Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, ukitazama Ghuba ya Ungwana, utaona majukwaa ya chuma yamesimama kwa miguu yake baharini. Ni ya mradi wa San Marco, ulioasisiwa na Mwitaliano, Profesa Luigi Broglio. Tarehe 26 Aprili 1967 roketi aina ya Scout iliruka hapo na setilaiti ya San Marco 2. Ya mwisho iliruka Machi 1988.

Kwa nini Ngomeni? Wengi hujibu: ikweta. Huko dunia huzunguka kwa kasi kubwa zaidi, roketi ikapata msukumo wa bure. Ni kweli, ila ipo sababu nyingine isiyotajwa sana: mionzi ya kosmiki.

Mionzi hiyo ni chembe zenye chaji ya umeme, nyingi zikiwa protoni, zitokazo mbali nje ya mfumo wa jua. Kwa kuwa zina chaji, sumaku huzipinda. Upepo wa jua hubeba sumaku ya jua hadi kupita sayari zote, ukazitawanya chembe hizo njiani. Jua linapochachamaa, kila baada ya miaka 11 hivi, zinazotufikia hupungua, likitulia, huongezeka. Dunia nayo ina ngao yake ya sumaku, ambayo juu ya ikweta huzuia chembe nyingi zaidi. Setilaiti inayozunguka chini chini huko vipimo vyake havivurugwi sana na chembe hizo.

Ndipo tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya kujitawala, ikarushwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kwa uchunguzi wa eksirei za angani. Iliitwa Uhuru, na orodha yake ilifikia vyanzo 339.

Tarehe 15 Novemba 1971 ikafuata Explorer 45, kupima dhoruba za sumaku zinazochochewa na jua. Mwaka mmoja kamili baadaye ikaruka SAS-2, kuchunguza mionzi ya gama. Gama haina chaji, haipindwi na sumaku yoyote. Hutoka pale chembe za kosmiki zinapogonga gesi ya galaksi yetu, hivyo ikaonyesha ziliko chembe ambazo jua hutuzuilia. Mitambo ya SAS-2 iliharibika Juni 1973.

Mtoto wa Malindi hupelekwa kuiona nguzo ya Vasco da Gama. Walimu, mpelekeni na Ngomeni.