Jembe la Mtakatifu Antonio



Ndugu aliyeshikwa na sonona mara nyingi huambiwa kwamba ni mvivu, au kwamba imani yake ni haba. Mababa wa jangwani hawakumhukumu hivyo.

Mtakatifu Antonio wa Misri, aliyefariki mwaka 356, alikuwa mtu wa sala. Hata hivyo, mapokeo ya wamonaki yanasimulia kuwa siku moja alilemewa na uchovu wa roho na mawazo mazito, akamlilia Mungu. Ndipo alipomwona mtu mfano wake akisuka kamba, akiinuka kusali, kisha akirudi kusuka. Alikuwa malaika, aliyetumwa kumwonyesha njia. Naye Mtakatifu Atanasi anatueleza kuwa Antonio aliomba jembe, shoka na nafaka kidogo, akalima kishamba chake mlimani. Baadaye akapanda mboga kwa ajili ya wageni waliofika wamechoka.

Katika karne ya 6 Mtakatifu Benedikto aliipa hekima hiyo utaratibu. Sura ya 48 ya Kanuni yake inagawa siku kati ya kazi za mikono na masomo matakatifu. Tena inaagiza kwamba walio wagonjwa au dhaifu wapewe kazi isiyowaelemea. Kazi hapo si adhabu, bali ni tegemeo.

Wengine pia waliitambua hekima kama hiyo. Mwaka 1790, huko York, Uingereza, mjane Hannah Mills, aliyekuwa na ugonjwa wa huzuni, alifariki katika hospitali ya wagonjwa wa akili, baada ya wenzake wa Kanisa la Marafiki kuzuiwa kumwona. Kwa uchungu huo William Tuke alianzisha nyumba iitwayo The Retreat, iliyofunguliwa mwaka 1796. Humo upole ulichukua nafasi ya minyororo. Wagonjwa walitembea bustanini, wakafanya kazi na kutunza kuku na sungura.

Bustani haichukui nafasi ya daktari, wala ya dawa, wala ya sala. Lakini mche unamngoja mtu kila asubuhi. Humtoa kitandani, humweka juani, humwonyesha kwamba mikono yake ingali na faida.

Basi, ukimjua jirani aliyejifungia ndani, usimpelekee hukumu. Mpelekee miche michache ya mchicha, ushike jembe, mpande pamoja. Na akihitaji hospitali, msindikize.