Achari ya Songea na laki moja ya 1971



Tukisema achari, chapati, bajia au kachumbari hapa Songea, hakuna anayekumbuka kwamba maneno hayo yalikuja na Wahindi. Historia ya mji tunayofundishwa ni Majimaji na mashujaa walionyongwa Februari 27, 1906, kisha tunaruka hadi uhuru. Wenye maduka tunawaacha katikati.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa mpishi kwa familia moja ya Mabaniani mjini. Aliingia akijua ugali na mbasa wa Ziwa Nyasa. Akatoka anajua kukata maembe mabichi, kuyatia chumvi na manjano, kuyaanika, kisha kuyashindilia kwenye chupa na pilipili, haradali na mafuta. Mama mwenye nyumba hakula nyama wala samaki, kwa hiyo bibi alipikia chake nje, kwa sufuria yake. Miaka yote ile hawakula sahani moja. Alimpenda yule mama, lakini mshahara alikuwa akiusimulia kwa kucheka kwa uchungu.

Familia ile ilikuwa na jengo Dar, mali ya ndugu kwa pamoja, limepangishwa. Aprili 1971 ikaja sheria ya kutaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Laki moja! Hata hilo neno "laki" ni la Kihindi. Jengo lililozidi miaka kumi halikuwa na fidia. Sheria haikutaja rangi ya mtu, ila wenye majengo hayo wengi walikuwa Waasia. Namheshimu Mwalimu, na kodi za nyumba zilikuwa zinawaumiza watu kweli, lakini kwenye nyumba ile watu walilia kama msibani. Mwaka uliofuata Amin akawapa Waasia wa Uganda siku 90. Nani angelala?

Wakavumilia. 1976 ikaja Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi yafungwe, ya ujamaa yachukue nafasi. Serikali iliisitisha mwaka huohuo, lakini wao walishaamua: Kanada. (Sisi ndio wenye msemo "Baniani mbaya, kiatu chake dawa". Baada ya hapo hata sabuni ikawa ya kupanga foleni.)

Bibi aliachiwa kinu cha viungo na chupa sita za achari. Barua zilikuja mbili, baadaye kimya.

Sasa anatengeneza mama, mara nyingi bila haradali. Nilimwonjesha rafiki yangu Mhindi wa Dar, akasema hii si achari ya kwao, kali mno. Akaomba chupa nzima.