Shelaki na mkono wa fundi gitaa

Machi 1928 mwimbaji wa Zanzibar Siti binti Saad alivuka bahari kwenda Bombay kurekodi nyimbo zake. Santuri za wakati ule zilitengenezwa kwa shelaki, kitu kilekile ambacho mafundi wa magitaa Ulaya walikuwa wamekipaka juu ya mbao kwa takriban karne nzima. Katika miaka hiyohiyo ya 1920, viwanda vya magitaa vilikuwa vinaanza kuiacha shelaki.

Shelaki hutoka zaidi India na Thailand. Mdudu mdogo aitwaye Kerria lacca hunyonya utomvu wa miti, mkunazi ukiwa mmojawapo, na kutoa majimaji yanayoganda juu yake na kukizunguka kitawi. Wanavijiji hukata vitawi na kukwangua ganda hilo. Kwa njia ya zamani hulitia katika mfuko mrefu wa kitambaa, huuzungusha mbele ya moto hadi liyeyuke na kuchujika, kisha hulivuta likingali moto, kwa mikono, miguu na hata meno, mpaka liwe bamba jembamba. Likipoa huvunjwavunjwa. Vipande hivyo vya rangi ya asali ndivyo fundi anavyoviloweka kwenye spiriti.

Upakaji wa kusugua kwa kitambaa ulienea mwanzoni mwa karne ya 19, kwanza kwenye samani za matajiri. Ulipofika kwenye gitaa ulipata kazi inayoufaa hasa. Antonio de Torres (1817–1892), seremala wa Almería, Hispania, ndiye aliyelipa gitaa la kihispania umbo tunalolijua leo. Mwaka 1862 alitengeneza gitaa lenye mgongo na mbavu za karatasi ngumu, kuonyesha kwamba sauti hutoka kwenye ubao wa mbele. Anayeamini hivyo hawezi kuuvisha ubao huo vanishi nzito. Shelaki ya mkono huacha utando mwembamba mno, na mbao hubaki huru kutetema.

Kujifunza huanza na bonge la sufu au pamba lililofungwa ndani ya kitambaa kilichochakaa, bila mkunjo hata mmoja upande wa chini. Shelaki humiminwa ndani ya bonge, wala si juu ya mbao. Kwenye mgongo, wenye vitundu vingi, mwanafunzi husugua kwanza spiriti na unga wa jiwe jepesi la volkano. Unga huo hukwangua chembe za mbao yenyewe na kuvijaza vitundu. Ubao wa mbele, wa mti wa jamii ya msonobari, hauhitaji hayo. Kisha huja miduara, na tone la mafuta ya zeituni ili kitambaa kisinate. Kitambaa hugusa mbao kikiwa kinatembea na kuondoka kikiwa kinatembea. Kikisimama kidogo tu, spiriti huyeyusha tabaka la chini na kulichuna. Mkono ukienda sawa, ukungu mwembamba hufuata nyuma ya kitambaa na kupotea papo hapo. Ukungu huo ndio mwalimu wa kweli, na sijui kitabu kinachoweza kuchukua nafasi yake.

Kazi hii huchukua siku nyingi, pengine wiki, kwani kila tabaka lahitaji kupumzika. Vanishi ya nitroselulosi, iliyoanza kupakwa magari Marekani miaka ya 1920, hupulizwa kwa pampu na kukauka upesi. Kampuni ya magitaa ya Martin, ya Pennsylvania, iliyotumia shelaki tangu karne ya 19, ilihamia kwenye vanishi hiyo kabla ya muongo huo kwisha. Kiwanda kilipata muda. Kwa sauti, naamini hakikupata kitu.

Ufundi wenyewe ulibaki mikononi mwa mafundi wa mkono. Mmoja wao, José Luis Romanillos, seremala mzaliwa wa Madrid aliyehamia Uingereza, alijifunza mwenyewe kutengeneza magitaa. Gitaa lake la 1973 lilipigwa na mpiga gitaa Julian Bream kwa miaka mingi. Mwaka 1987 alichapisha kitabu kikubwa juu ya Torres, na baadaye akafundisha mafundi kutoka nchi mbalimbali huko Sigüenza, Hispania.

Shelaki ina udhaifu wake: jasho huichubua, joto huilainisha, pombe ikimwagika huila. Lakini tabaka jipya huyeyuka na kuungana na la zamani bila kuacha mshono. Gitaa lililopakwa shelaki miaka 100 iliyopita laweza kukarabatiwa leo kwa bonge lilelile na spiriti ileile, pale tu lilipochubuka, bila kulikwangua lote.