Sifa na Vielezi vya Kiingereza: Asili ya Kiishio -ly

Walimu wengi hufundisha kwamba sifa ya Kiingereza, ikitiwa -ly mwishoni, huwa kielezi, kama slow na slowly. Kanuni hii yafaa; walakini mwanafunzi aishikaye sana ataandika "he works hardly", akidhani amesema kwamba mtu yule hufanya kazi kwa bidii. Kumbe hardly maana yake ni kidogo mno, karibu na hapana. Naye atatiwa kosa kwa kufuata alivyofundishwa. Yafaa basi tuitazame asili ya jambo hili.

Katika Kiingereza cha kale, kabla ya mwaka 1100, sifa nyingi zilitiwa -e mwishoni zipate kuwa vielezi: heard ni sifa, yaani -gumu, hearde ni kielezi. Palikuwa na sifa nyingine zenye kiishio -lic, chenye asili moja na neno lic, yaani mwili. Hivyo freondlic ni mwenye namna ya rafiki. Hizo nazo zilitiwa -e, zikawa -lice. Baadaye ile -e iliacha kutamkwa. Ndipo hearde ikalingana na sifa yake, na -lic na -lice zikakutana katika -ly. Watu wakaifanya -ly kuwa alama ya kielezi. Lakini hard na fast, kwa kuzoeleka, zikabaki bila alama, na friendly ni sifa hata leo.

Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 yatumia exceeding mbele ya sifa pasipo -ly. Mwaka 1762 Robert Lowth, padre aliyekuwa baadaye Askofu wa London, alitoa kitabu cha sarufi, akalaumu matumizi ya namna hiyo hata kwa waandishi mashuhuri. Lindley Murray alimfuata katika sarufi yake ya mwaka 1795, iliyoenea sana shuleni. Basi ukali wa kanuni ni mchanga kuliko maneno inayoyahukumu.

Kwetu pia mtu mwema hutenda vema: alama yetu i mwanzoni, yao mwishoni. Lakini "sana" na "upesi" hayana alama, wala hatuyalaumu. Kwa hiyo mwalimu asiulize kwanza, "-ly i wapi?" Aulize, "Neno hili laeleza nini: jina, au tendo?" Mwanafunzi akijibu vema, hard haitamkwaza tena.